Sufuria ya Mfalme

Nchi hiyo ipo, ndugu msomaji, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zimerudishwa kiwandani kwa marekebisho tangu siku mtawala wake, Baba Mlezi, alipotangaza kwamba mto mkubwa unaanzia nyumbani, si kwa jirani kama ulivyozoea kuanzia. Mto wenyewe bado haujapata taarifa. Sisi tusio na elimu ya mito tunaamini utatii tu, maana wengine wote wametii.

Katika nchi hiyo hakuna mtu anayepotea. Naomba hili lieleweke mapema, nisije nikaonekana mchochezi. Watu wa huko husafiri. Mtu anaweza kuwa anakula na watoto wake, gari likasimama nje, akaitwa kwa upole, akasafiri bila hata kunawa mikono. Serikali humwandikisha kuwa Msafiri na kumtakia safari njema. Na kwa kuwa msafiri ni mtu anayetarajiwa kurudi, sheria inakataza kumlilia, kumwekea matanga, au kulitaja jina lake kwa sauti inayofika barabarani. Kufanya hivyo ni kumchulia kifo, na kosa la kumchulia msafiri lina adhabu yake, ambayo nayo ni safari.

Sikudhani Mbonde alikuwa karani wa orodha katika Makumbusho ya Taifa. Kazi yake ilikuwa kupokea kitu cha kale, kukipima, kukipa namba, na kuandika kwenye kadi ni kitu gani na kimetengenezwa kwa madini gani. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Nasibu, mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja mwanafunzi alimuuliza Mwalimu Nasibu kwa nini mto, ikiwa unaanzia nyumbani, unaonekana ukiingia nchini kwa kupitia mpakani. Nasibu alikuwa na udhaifu mmoja: akiulizwa swali, hujibu. Alijibu, na mkaguzi wa elimu alikuwa ameketi dawati la nyuma. Alasiri ile ile Mwalimu Nasibu akasafiri, hata ubao haujafutwa.

Mama yake alimsubiri kama sheria inavyotaka. Jioni alimfunikia chakula, asubuhi akakila mwenyewe kikiwa kimepoa. Alipokwenda kuulizia ofisini walimkaribisha kiti, wakamwambia kijana wake yu salama, kisha wakamuuliza kwa heshima kama angependa kumfuata. Alirudi nyumbani. Mwaka wa pili ulipoingia alijua kwamba hatarudi, na hakuna aliyemwambia. Aliamka tu siku moja akajikuta hapiki tena chakula cha watu wawili, akakaa chini jikoni akauma kanga yake ili asisikike.

Sasa, watu wa wilaya ya Sikudhani wana desturi yao ya tangu enzi. Mtu akifa na mwili wake usipatikane, labda kachukuliwa na maji, labda kaishia vitani, jamaa zake huchukua chombo alichopikiwa au kuwekewa uji wake wa kwanza. Lazima kiwe cha madini, kwa sababu udongo huvunjika upesi na njia ya marehemu huenda ni ndefu. Hutia ndani vitu vyake viwili vitatu. Halafu mama yake huinama, akaliita jina lake ndani ya chombo, na kufunika haraka kabla jina halijatoka. Chombo hicho huzikwa kama mtu. Jina likishakaa mle, mwenyewe atalifuata, na hapo atapumzika. Ila kikifunuliwa, jina hutoka, na yeye huanza kutangatanga upya.

Sikudhani alichukua sufuria ya alumini iliyovunjika sikio moja, yenye kiraka chini alichopiga fundi wa mtaani. Alitia shati la Nasibu, jino lake la utotoni, na filimbi aliyokuwa akipulizia watoto wa shule uwanjani. Aliliita jina, akafunika, akafunga kwa kipande cha kanga, akapanda nayo Kilima cha Sangasi kuizika, ameificha ndani ya kapu la mihogo. Alikuta udongo wa kilima kizima umetifuliwatifuliwa. Hakuwa mama wa kwanza kupita pale na mihogo.

Basi ikatokea kwamba nchi jirani walichimba, wakapata vyungu vya miaka elfu mbili, wakavichapa kwenye stempu za posta. Bahasha moja yenye stempu hiyo ikamfikia Baba Mlezi mezani. Inasemekana hakula siku ile. Kesho yake Wizara ya Fahari iliagizwa itafute vyombo vya taifa vyenye umri usiopungua miaka elfu tatu, na vipatikane kabla ya Siku ya Jamhuri.

Waziri wa Fahari, Mheshimiwa Kabuzi, alikuwa mtu wa vitendo. Alimwita Daktari Lugendo, bingwa wa mambo ya kale, mtu mrefu mkimya aliyesomea elimu hiyo ughaibuni na kuisahau kidogo kidogo aliporudi, kwa ajili ya afya yake. Daktari alipendekeza mabonde na mapango, akataja hata kisiwa. Mheshimiwa akauliza ni wapi kati ya hapo gari lake lingeweza kugeuza. Hakuna. Akatazama dirishani, akaona Sangasi, kilima chenye njia pana iliyokanyagwa vizuri, akaamua wachimbe hapo. Daktari Lugendo alipinga, tena alipinga kuliko ilivyokuwa desturi yake kupinga. Mheshimiwa alimuuliza kama ana hamu ya kusafiri, na mjadala wa kitaalamu ukaishia hapo.

Majembe yaliingia kilimani bila taabu. Mheshimiwa Kabuzi, aliyekuja na mwavuli na wapiga picha, alisifu busara ya mababu walioacha udongo laini kwa faida ya vizazi vijavyo. Kabla ya adhuhuri yalikwishatoka masufuria, mabirika, mabakuli ya maua, na termosi moja. Chini zaidi, chini kabisa, vilitoka vyombo vya shaba, vizito, vya kijani kwa kutu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kale kweli. Ndani yake hamkuwa na mifupa, bali bangili ndogo, shanga, na katika kimoja kiatu cha ngozi cha mtoto. Sikudhani alipokipokea kile cha kiatu alivuta kiti akakaa. Kumbe hata enzi hizo watu walisafirishwa, na mama zao wakabaki wakitafuta chombo cha kuzika. Alimwonea uchungu mama yule ambaye hata lugha yake haijulikani tena.

Mheshimiwa aliviangalia vyombo vya shaba akakunja uso. Alisema vimechakaa na vitatia aibu kwenye picha, vipelekwe stoo.

Kazi ya kuorodhesha ilifanyika katika ukumbi wa Makumbusho. Vyombo vilipangwa mezani, Daktari Lugendo anakagua, Sikudhani anaandika.

"Birika," alisema Daktari.

"Umri?"

"Miaka elfu tatu."

"Na hii termosi?"

Daktari aliishika ile termosi muda mrefu kuliko vyombo vingine. Ilikuwa nyekundu, na kifuniko chake kimezungushiwa utepe wa nywele. "Elfu tatu," alisema, akaenda kuiweka mwisho wa meza, mbali na mikono ya watu.

Meza ya pili, chombo cha nne, kilikuwa sufuria iliyovunjika sikio, imefungwa kwa kipande cha kanga. Sikudhani alishindwa kuinua kalamu. Mwanawe alikuwa mbele yake, kwenye meza ya serikali, na udongo bado umemshika pembeni. Alitaka kumbeba akimbie naye. Lakini akisema ni wa kwake, atakuwa amekiri kwamba alimzika msafiri, na atasafirishwa, na hapo hatabaki mtu duniani wa kuliita jina lile. Akinyamaza, sufuria itafunuliwa na kusuguliwa na kuwekwa kwenye kioo, na Nasibu atatangatanga milele. Ila alikuwa karani mzoefu. Alijua kanuni inayosema kitu kisicho cha kale si mali ya Makumbusho. Hurudishwa shimoni kilikotoka, bila kufunguliwa, na kufukiwa. Hilo tu ndilo alilolitaka. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: Sufuria ya alumini. Ya kisasa. Haina thamani. Irudishwe shimoni ikiwa imefungwa.

Daktari Lugendo aliisoma ile kadi, akaitazama kanga, akamtazama yeye. "Hata mimi ningeandika hivyo hivyo," alisema, akatia sahihi.

Uaminifu ule ndio uliowaponza. Kadi zote zilipelekwa kwa Mheshimiwa Kabuzi, naye akazipitia akipiga miayo, maana mabirika yalikuwa mengi. Alipofika kwenye neno alumini akasita. Alimwita msaidizi wake akamuuliza Wazungu waliigundua lini alumini. Msaidizi akapekua kitabu akasema haizidi miaka mia mbili na kitu. Mheshimiwa akahesabu vidole vya mkono wa kulia, akaazima vya kushoto, kisha akainuka akamkumbatia msaidizi. Jioni ile alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "jirani zetu wanajivunia vyungu vya udongo. Udongo hata kuku anao. Sisi, wakati dunia nzima imelala gizani, mama zetu walikuwa wanakoroga uji kwenye alumini."

Kesho yake Sikudhani alikwenda ofisini kwa Mheshimiwa kabla watu hawajaingia kazini, akamsubiri mlangoni. Alimweleza kwa unyenyekevu kwamba huenda pametokea kosa, kwani kwenye kadi aliandika wazi kuwa sufuria ile ni ya kisasa.

"Nimeona, mama yangu," alijibu Mheshimiwa. "Mababu zetu walikuwa wa kisasa. Sisi tunasema hivyo kila siku, ila watu hawatusikilizi."

Aliomba basi angalau isifunguliwe. Alisema hewa ingeviharibu vilivyomo. Mheshimiwa akamshukuru kwa uzalendo wake na kumteua ashike kifuniko mbele ya kamera.

Ikafunguliwa. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeikata ile kanga, kwa mkasi wa kukatia utepe. Wapiga picha walisogea wakasukumana. Sikudhani, kifuniko mkononi, alisikia harufu ya lile shati ikipanda na kumalizika hewani, akainama kuifuata. Kwenye picha za magazeti anaonekana ameinamisha kichwa. Maelezo chini ya picha yalisema karani huyo alikuwa akisujudia historia.

Kamati ya wataalamu saba ilikaa na vile vitu. Shati lilitambuliwa kuwa joho la enzi. Filimbi ilitambuliwa kuwa baragumu, ingawa mjumbe mmoja alishangaa udogo wake, na mwenzake akamweleza kwamba wafalme wa kweli hawakuhitaji kelele. Chapa ya kiwanda iliyokuwa chini ya sufuria, pembeni ya kiraka, ilikubaliwa kuwa maandishi ya kale ambayo bado yanasubiri kusomeka. Jino likapelekwa Ikulu juu ya mto wa hariri. Baba Mlezi alilitazama, akapapasa la kwake, akatangaza kwamba ni la ukoo. Mfalme aliyezikwa na sufuria ile alikuwa babu yake mzaa mababu.

Na sasa serikali ikajikuta ina msiba. Haiwezekani babu wa Baba Mlezi atolewe kaburini halafu aachwe mezani kama mboga. Pakatangazwa maziko ya kitaifa. Sufuria itazikwa upya kwenye bustani ya mashujaa, na siku hiyo kila raia, kuanzia kuchomoza kwa jua hadi king'ora cha jioni, atalia. Wizara ilitoa mwongozo: kilio kiwe cha sauti, chenye machozi, na raia atakayeonekana mkavu atatakiwa kueleza sababu. Shuleni watoto walifanyishwa mazoezi. Kwenye kambi za jeshi waligawiwa vitunguu.

Sikudhani alisoma tangazo lile likiwa limebandikwa mlangoni pa Makumbusho. Alilisoma akarudia. Tangu Nasibu achukuliwe alikuwa hajamlilia hata mara moja bila kanga mdomoni.

Siku ya maziko uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, machifu wa kuteuliwa wakapita na majoho ya kukodi, na Mheshimiwa Kabuzi akatoa mfano wa kulia, akitumia leso mbili. Kisha akamwita karani wa orodha apande jukwaani aifunike sufuria, kwa kuwa ni yeye aliyezoea kifuniko chake. Vitu vilikuwa vimerudishwa ndani. Sikudhani alipiga magoti. Aliona wanawake wa wilaya yake wamesimama safu za mbele, kila mmoja na kanga mbili, nyuso zao zimekazwa wakisubiri. Aliinama mpaka paji la uso likagusa alumini, akaita, "Nasibu. Nasibu mwanangu." Akafunika.

Mheshimiwa alimsogelea akamuuliza kwa kunong'ona amesema nini mle ndani. Alijibu kwamba amemwita mfalme kwa jina lake, kama walivyofanya watu wa kale. Mheshimiwa akafurahi sana, kwani Wizara nzima ilikuwa imesahau kumtafutia mfalme jina. Alilirudia mara mbili mdomoni kuona kama linakaa vizuri. Ni yeye aliyetia sahihi safari ya Mwalimu Nasibu, lakini jina halikumkumbusha chochote. Akashika kipaza sauti akatangaza kwamba taifa linamlilia Mfalme Nasibu wa Kwanza.

Ndipo Sikudhani alipolia. Alilia kwa sauti yake yote, jukwaani, mbele ya Baba Mlezi na mabalozi, akilitaja jina la mwanawe, na askari wakampigia saluti. Chini yake wanawake wa Sangasi wakaangua kilio. Kila mmoja alianza na jina la mfalme kama ilivyoagizwa, na katikati akabadili jina, mwingine Hamza, mwingine Tausi, mwingine Kibwana. Katika kelele zile hakuna aliyeweza kumkamata mtu. King'ora cha jioni kilipolia maofisa walinyamaza, bendi ikafunga ngoma zake, na wale wanawake wakaendelea. Kikapigwa tena. Giza lilipoingia bado walikuwa wanalia, na askari waliotumwa kuwatawanya wengine walivua kofia wakakaa nao chini. Gazeti la serikali liliandika kwamba uzalendo ulivuka malengo.

Juma lililofuata mwanamke mmoja alifika Makumbusho, akagonga kwa karani wa orodha. Alizungumza kuhusu mvua kwanza, na bei ya unga. Halafu akasema amesikia kwamba kwenye meza kuna bakuli la maua ya buluu, limebonyea ubavuni kwa kuangushwa. Aliuliza kama haiwezekani na lenyewe likawa la mtu mkubwa. Sikudhani alimtazama. Akachukua kadi ya lile bakuli, akaandika kwamba baada ya uchunguzi zaidi limeonekana kuwa la mwana wa mfalme, na akamuuliza huyo mwana wa mfalme alikuwa akiitwa nani. Yule mama akataja jina kwa sauti ya chini. Sikudhani akamwomba alitaje kwa nguvu kidogo, kwani sasa ni jambo la serikali.

Wakaja wengine. Walikaa kwenye benchi la nje kama watu wanaosubiri daktari. Mheshimiwa Kabuzi alipokea kadi zile kwa shangwe, maana jirani walikuwa hawana hata mfalme mmoja. Kila Jumamosi yalifanyika maziko, taifa likaanza kuchoka kwa kulia, lakini hakuna aliyethubutu kupendekeza yapunguzwe. Watoto wa shule siku hizi wanakariri orodha ndefu ya wafalme na malkia, na wanafundishwa kwamba watukufu hao, kwa sababu ambazo sayansi haijazigundua, wote walikufa wakiwa vijana.

Jioni moja benchi lilikuwa tupu na Sikudhani anafunga dirisha. Daktari Lugendo aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni ambacho hakuwahi kukikalia. Alikuwa na ile termosi nyekundu, ameipakata kwa mikono miwili. Sikudhani hakumharakisha, alirudi mezani akatoa kadi mpya.

"Mke wangu anaumwa," alisema Daktari mwishowe, "hawezi kuja mwenyewe. Alikuwa mgonjwa pia wakati ule. Mimi ndiye niliyepanda kilima." Alivua miwani. "Sikujua kama baba anaruhusiwa kumwita binti yake. Niliona aibu, nikafunika bila kusema kitu."

Sikudhani aliweka kalamu chini. Alizunguka meza akaketi karibu yake, akaufungua ule utepe wa nywele taratibu, akainua kifuniko na kukishika tayari.

"Mwite sasa, kaka," alisema.

Daktari Lugendo akainamia mdomo wa termosi. Alijaribu, sauti ikakataa. Alijaribu tena.